Ruzuku ya Korosho Isomwe Hadharani Kama Bei ya Mnada

Barua ya wazi kwa Bodi ya Korosho Tanzania, kwa halmashauri za Masasi na Newala, na kwa viongozi wa vyama vikuu vya ushirika MAMCU na TANECU

Barua hii inahusu ruzuku ya pembejeo za korosho, yaani salfa ya unga na viuatilifu vya maji ambavyo mkulima wa Masasi na Newala hugawiwa bila kulipia, gharama yake ikibebwa na fedha za umma. Hoja yake ni moja, nayo ni kwamba ruzuku hiyo chimbuko lake ni korosho yenyewe, hivyo mkulima anayeipokea anarudishiwa sehemu ya mali yake, na mwenye mali hutolewa hesabu kabla ya kuombwa shukrani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalozungumziwa hapa ni lile ambalo mkulima mwenyewe anaweza kulisoma, au kusomewa, akiwa kijijini kwake.

Umuhimu wa pembejeo hizo hauwezi kueleweka bila kukumbuka kilichowahi kulipata zao hili. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho ghafi, lakini kufikia msimu wa 1986/87 makusanyo yalikuwa yameporomoka hadi chini kidogo ya tani 17,000. Sababu zilikuwa kadhaa na zilisaidiana: Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima haikumpa moyo wa kupalilia, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaotandaza ukungu mweupe kama unga juu ya majani machanga na maua, maua yakakauka kabla ya kushika tunda. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndio waliosaidia kuonyesha kwamba salfa ikipulizwa kwa wakati huulinda mti, na tangu hapo hesabu ya mavuno ya Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, na ya Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, imekuwa haitengani na hesabu ya mifuko ya salfa. Kwa watu wa wilaya hizi mbili, ambao ada za shule, mabati ya nyumba na matibabu ya wazee wao hungoja msimu wa korosho, mfuko wa salfa ni jambo la maisha.

Swali la kwanza ambalo mamlaka zinaombwa kulijibu waziwazi ni fedha za ruzuku hutoka wapi. Korosho ghafi inayosafirishwa nje ya nchi hutozwa ushuru ambao kiwango chake kimekuwa asilimia 15 ya bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, chochote kilicho kikubwa zaidi. Anayepeleka fedha hizo forodhani ni mfanyabiashara, lakini anayebeba sehemu kubwa ya uzito wake ni mkulima, kwa sababu mnunuzi anapoandika zabuni yake ya mnada anajua tayari kwamba ushuru unamsubiri bandarini, naye huuondoa kwenye bei kabla ya kuitaja. Ikiwa tani moja ina thamani ya dola 1,200 melini, ushuru wake ni dola 180, na kwa mkulima aliyepeleka kilo 500 ghalani, dola 90 zinahusu korosho zake. Fedha hizo hazionekani kwenye stakabadhi yake wala kwenye orodha ya makato ya chama cha msingi, na kwa kuwa hazionekani, ni rahisi mkulima akaambiwa kwamba amepewa bure kitu ambacho alikwisha kukichangia.

Sheria yenyewe iliwahi kuukubali ukweli huo. Chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 na marekebisho yaliyoifuata, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha nje ilitengwa kwa ajili ya kuendeleza zao, ikiwemo kununua pembejeo, kugharimia utafiti na kuhimiza ubanguaji wa ndani, na asilimia 35 ikaenda Hazina. Mwezi Juni 2018 Bunge lilibadilisha utaratibu huo ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali, mabadiliko ambayo wabunge wengi wa mikoa ya kusini waliyapinga kwa nguvu. Katika miaka ya karibuni, chini ya Serikali ya Awamu ya Sita, pembejeo za korosho zimerudi kugawiwa kwa ruzuku, na hatua hiyo inastahili kutambuliwa kwa haki. Hata hivyo, kubadilika badilika huko kunafundisha kwamba haki ambayo mwenyewe hana hesabu yake huweza kuondoka na kurudi bila yeye kuulizwa, na mkulima asiyejua ushuru wa msimu uliopita ulikuwa kiasi gani hawezi kujua kama mifuko aliyopewa ni mingi au ni michache.

Swali la pili ni la wakati. Mkorosho wa kusini huchipua majani mapya na kuanza kutoa maua kati ya Juni na Septemba, wakati ambapo asubuhi za uwanda wa Makonde ni za baridi na umande, hali ambayo kuvu ya ubwiriunga huipenda. Salfa ni kinga, maana yake hulizuia ua lisishambuliwe lakini hailifufui ua lililokwisha kukauka, kwa hiyo mzunguko wa kwanza wa kupuliza hutakiwa kuanza pale vishada vya maua vinapoanza kujitokeza, na mizunguko mingine hufuata kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Mfuko wa salfa unaofika kijijini Septemba una uzito uleule na bei ileile ya ununuzi kama uliofika Mei, na katika taarifa za ugawaji yote miwili huhesabiwa sawasawa, lakini kwa mkulima aliyeupata Mei ni mavuno na kwa aliyeupata Septemba ni mzigo wa kuhifadhi hadi mwaka ujao. Kwa sababu hiyo taarifa inayotaja jumla ya tani zilizogawiwa bila kutaja tarehe zilipofika kila chama cha msingi haimwambii mwananchi kama ruzuku ilifanya kazi iliyokusudiwa.

Linalokwenda pamoja na wakati ni kiasi. Kwa kipimo ambacho wakulima wamefundishwa kwa miaka mingi, mkorosho mkubwa huhitaji gramu 250 za salfa katika mzunguko mmoja, hivyo mfuko wa kilo 25 hutosha miti 100 mara moja. Mwenye miti 100 anayekusudia kupuliza mara tano anahitaji mifuko mitano. Akipewa mitatu, ana hiari ya kuilinda miti yote kwa mizunguko mitatu na kuiacha wazi baadaye, au kuilinda miti 60 hadi mwisho na kuiacha 40 ijitetee yenyewe. Uamuzi huo ni wa kitaalamu na wa kiuchumi, na mkulima anaweza kuufanya vizuri endapo ataambiwa mapema, kabla ya palizi kwisha, mgawo wake utakuwa mifuko mingapi. Akiambiwa mgawo wake siku anapoupokea, anakuwa amekwisha kupoteza nafasi ya kutafuta mifuko iliyobaki kwa fedha zake mwenyewe.

Pia salfa haijipulizi. Mkulima asiye na mashine huikodi, hununua petroli na mafuta ya kuchanganya, na humlipa kijana anayeibeba mashine mgongoni alfajiri kabla upepo haujaanza, na gharama zote hizo huja katika miezi ambayo fedha za msimu uliopita zimekwisha. Hapo ndipo kangomba hupata mlango. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambao mara nyingi humkopesha mkulima fedha kidogo kabla ya mavuno ili alipe kwa korosho zenye thamani kubwa zaidi, na sheria na misako ya kila mwaka haijaumaliza kwa kuwa shida inayouzaa haijaguswa. Mkulima maskini anayepewa mifuko mitatu bila uwezo wa kukodi mashine huuza mmoja ili apulize miwili, au huweka rehani korosho ambazo bado ni maua. Ruzuku inayoishia kwenye mfuko peke yake humfaa zaidi mwenye mashine, na Bodi ya Korosho pamoja na vyama vikuu vinaombwa kulitazama jambo hilo kama sehemu ya ruzuku yenyewe, kwa mfano kwa kuviwezesha vyama vya msingi kumiliki mashine za kukodisha kwa bei iliyotangazwa, malipo yakikatwa mnadani.

Swali la tatu, ambalo ndilo kiini cha barua hii, ni la orodha ya wanaostahili. Uzoefu wa nchi unaonyesha kwamba ruzuku huharibikia kwenye orodha kabla ya kuharibikia ghalani. Mfumo wa taifa wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008, ambao ulikuwa ukimpunguzia mkulima wa mahindi na mpunga takriban nusu ya gharama ya mbolea na mbegu, uliziachia kamati za vijiji kazi ya kuchagua wanufaika, kwa dhana nzuri kwamba kijiji kinawajua watu wake. Utafiti wa Lei Pan na Luc Christiaensen uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa katika vijiji walivyovichunguza ziliishia kwenye kaya za viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa. Matokeo hayo ni ya Kilimanjaro na hayathibitishi lolote dhidi ya kiongozi yeyote wa Masasi au Newala, lakini yanaonyesha kwamba kijiji kuwajua watu wake hakutoshi ikiwa watu wenyewe hawaioni orodha.

Mkoa wa Mtwara nao una somo lake. Tarehe 12 Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za minadani zilizokuwa chini ya matarajio, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalitakiwa kutanguliwa na uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba aliyepeleka korosho ghalani ana shamba linaloweza kuzizalisha, na waliouza zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuonyesha mashamba yao. Lengo la kuwazuia wafanyabiashara wa kangomba wasijifiche nyuma ya majina ya wakulima lilieleweka, ila kazi ya kuhesabu mashamba ilianza wakati mwenye shamba alikuwa tayari anasubiri fedha zake, na malipo ya wengi yakaburutwa hadi ndani ya mwaka 2019. Daftari sahihi la mashamba na miti, likitengenezwa na kuhakikiwa miezi ya utulivu, lingeweza kumaliza uhakiki huo kabla ya kilo ya kwanza kupanda mizani.

Tangu wakati huo usajili wa wakulima wa korosho kwenye kanzidata umesonga mbele, na hatua hiyo ni njema. Pamoja na hayo, mazingira ya wilaya hizi yanadai uangalifu ambao fomu ya kawaida haiuwezi. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa asili ardhi yao ilifuata ukoo wa mama, mkorosho ulileta desturi nyingine, kwani mti hudumu miaka mingi na aliyeupanda huuhesabu kuwa wake na wa watoto wake, hivyo mwenye ardhi na mwenye mti waweza kuwa watu wawili. Kuna miti iliyokodishwa kwa msimu na iliyowekwa rehani, kuna mashamba ambayo mume amesajiliwa na mke ndiye anayeyapalilia, na kuna wakazi wa kijiji kimoja ambao mikorosho yao imo katika kijiji au wilaya nyingine. Fomu ikiuliza jina la mwenye shamba peke yake, mjane aliyebaki akiihudumia miti aliyoipanda na marehemu mume wake anaweza kukosa mfuko ambao shemeji yake ataupokea bila kuwahi kuingia shambani. Inafaa daftari liandike mambo matatu kwa kila shamba, yaani mwenye mti, idadi ya miti inayozaa, na anayeihudumia msimu huu, na salfa imfuate huyo wa tatu.

Kuhusu kuiweka orodha hadharani, pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito, nalo ni la faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu zisitumiwe ovyo, na ni kweli kwamba namba ya simu, namba ya kitambulisho na akaunti ya benki ya mkulima hazipaswi kubandikwa ukutani. Lakini jina, kitongoji, idadi ya miti na idadi ya mifuko ni mambo ambayo majirani wanayajua au wanaweza kuyaona kwa macho, na kinachoombwa ni kuyaweka pamoja ili yalinganishwe, utaratibu ambao unaweza kuandikwa kwenye fomu ya usajili na kuridhiwa na mkulima mwenyewe tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, na mkutano mkuu wa kijiji umewekwa kisheria ili wananchi wasikie mapato na matumizi yao. Misingi ya kisheria ipo, na kinachobaki ni kuitumia katika jambo linalowagusa watu moja kwa moja.

Pingamizi la pili ni kwamba ruzuku imeongeza mavuno, kwa hiyo yasiyo kamili yavumiliwe. Ni kweli kwamba msimu wa 2017/18, ambao salfa iligawiwa bure, taifa lilikusanya zaidi ya tani 313,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo, na kwamba kufikia 2020/21 makusanyo yalishuka hadi takriban tani 210,000, ingawa mvua, bei na misukosuko ya soko navyo vilikuwa na mkono wake. Takwimu hizo zinathibitisha thamani ya pembejeo, na kwa sababu hiyohiyo zinaongeza hasara ya kila mfuko unaopotea njia au unaofika maua yakiwa yamekauka. Isitoshe, salfa inayopulizwa mwaka hadi mwaka huongeza uchachu wa udongo wa kichanga wa uwanda, jambo ambalo watafiti wamelitahadharisha kwa muda mrefu na ambalo muhogo na kunde zinazopandwa katikati ya mikorosho haziwezi kulikwepa. Ruzuku yenye hesabu nzuri ingeonyesha pia ni kiasi gani kilitengwa kwa miche bora, kupogolea miti mizee, kupima udongo na huduma za ugani, ili mkulima aweze kusema kama angependa mchanganyiko mwingine.

Kwa hiyo mamlaka zilizotajwa zinaombwa mambo manne. Kwanza, Bodi ya Korosho itangaze kila mwaka, kwa lugha inayosomeka na katika kila chama cha msingi, kiasi cha ushuru kilichotokana na korosho za msimu uliopita na kiasi kilichorudi kwa njia ya pembejeo, miche, utafiti na ugani. Pili, mgawo wa kila mkulima utangazwe kabla ya mwisho wa Aprili na pembejeo ziwe zimefika katika vyama vya msingi kabla ya mwisho wa Mei, na pale zinapochelewa, taarifa iandike tarehe halisi na sababu. Tatu, halmashauri zibandike orodha kwa kila kitongoji kwa siku 14 kabla ya mgawo, orodha hiyo isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji kwa ajili ya wasiojua kusoma, na pingamizi zisikilizwe papo hapo na kuandikwa kwenye muhtasari. Nne, MAMCU na TANECU vitoe baada ya msimu hesabu ya mwisho ya mifuko iliyopokewa, iliyogawiwa na iliyobaki ghalani, pamoja na mahali ilipobaki.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mtambo mpya au taasisi mpya, kwani mfano wake tayari upo katika kila kijiji cha wilaya hizi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mwaka 2007, ukimruhusu mkulima kuhifadhi mzigo ghalani akiwa na hati huku akisubiri mnada, wakulima wa Masasi na Newala wamezoea kukusanyika uwanjani na kusikiliza majina ya kampuni, tani zinazotakiwa na bei zikisomwa mbele yao, kisha wakakubali au wakakataa. Watu hao wameonyesha, hata katika mwaka mgumu wa 2018, kwamba wanazielewa tarakimu na kwamba wako tayari kubeba matokeo ya uamuzi wao. Mikutano ya kugawa salfa ifanywe uwanjani hapohapo, Mei kabla ya maua, na msomaji asome jina, miti na mifuko kwa sauti ileile inayosoma bei mwezi Oktoba, mbele ya watu walewale.

Kwa heshima, na kwa matumaini kwamba itajibiwa hadharani kama ilivyoandikwa, barua hii inawasilishwa kwenu kabla ya mikorosho kuchanua.